Mantikora Hataki Kushuka: Nifanyeje na Mashujaa Wasioruka?

Swali: Habari za kazi, kaka. Nasimamia meza ya Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kuigiza mashujaa kwa hadithi na dadu) kwa kanuni za toleo la tano, vitabu vya 2014. Wachezaji ni wanne na wahusika wao wote wamefika leveli ya 5: mbabe wa shoka kubwa, mpiganaji wa upanga wa mikono miwili aliyechukua njia ya Battle Master, kasisi, na mwizi mwenye upinde mfupi. Mchawi hatuna. Kikao kilichopita walikuwa wanasindikiza msafara nyikani, nikawatolea mantikora mmoja, yule mla watu mwenye mbawa na mkia wa miiba. Kitabu kinampa kiwango cha ugumu 3, nikajua watammaliza upesi. Akapanda futi 100 akawamwagia miiba mpaka kasisi na mwizi wakazimia. Mchezaji wa mbabe alirusha dadu mara mbili, akakosa, akashika simu yake mpaka mwisho. Sasa hadithi inaelekea kwa joka mwekundu mchanga, na huyo naye ana mbawa. Nimpunguze nguvu? Nimpe mbabe mabuti ya kuruka, maana ameniomba? Au viumbe wa kuruka niachane nao tu?

Jibu: Usiachane nao, ndugu yangu, na namba za mantikora wako usiguse hata moja. Shida iliyokukuta mimi huiita zamu tupu: zamu inamfikia mchezaji, anatazama karatasi yake, na hakuna anachoweza kufanya kikabadilisha hali ya mpambano. Zamu tupu moja mtu anaivumilia, pengine ataicheka. Zikifuatana mbili, anashika simu. Kwa hiyo kabla ya kikao huwa nachukua karatasi za wahusika moja baada ya nyingine na kujiuliza: adui huyu akikaa pale panapomfaa kuliko pote, mtu huyu atafanya nini zamu ya kwanza, ya pili, ya tatu? Nikikuta mwenye zamu mbili tupu mfululizo, nabadilisha mahali pa mpambano au sababu ya mpambano. Kupunguza pointi za uhai huwa ni jambo la mwisho, na mara nyingi sifiki huko.

Sasa, kwa nini kiwango cha 3 kilikupoteza? Mwongozo wa msimamizi wa 2014, kwenye sehemu ya kutengeneza viumbe, unasema kiumbe anayeruka na kudhuru kwa mbali, kama kiwango chake kinatarajiwa kuwa 10 au chini, ahesabiwe kana kwamba kinga yake (namba ambayo shambulizi lazima liifikie ndipo limpate) imezidi kwa 2. Basi, imeishia hapo. Mbawa zote zile zimegeuzwa kuwa alama mbili za kinga, ambazo kwenye dadu ya pande 20 ni sawa na asilimia 10 ya mashambulizi kukosa. Kwa kundi lenye wapiga mishale wawili na mchawi wa kurusha moto, makadirio hayo hayako mbali na ukweli. Kwa mbabe mwenye shoka, kilichopotea ni asilimia 100. Kiwango cha ugumu kimekadiriwa kwa kundi la wastani, na lako, ambalo nusu yake silaha yao inafika futi tano, liko mbali na wastani huo.

Tumtazame huyo mantikora kwa karibu, maana nadhani alikushinda hata wewe. Ana pointi za uhai 68, kinga 14, anaruka futi 50 kwa zamu. Mkia wake una miiba 24, na akichagua kuirusha hurusha mitatu kwa zamu, umbali wa futi 100 bila taabu na hadi 200 kwa taabu. Je, uliihesabu? Wasimamizi wengi hawaihesabu. Miiba 24 ni zamu nane, kisha mkia ni mtupu mpaka apumzike usiku kucha. Kwa shujaa mwenye kinga 16, kila mwiba unapata nusu ya mara, na unaopata unauma pointi saba na nusu kwa wastani. Miiba yote 24 ikiisha umemwaga madhara kama 90 hivi. Kundi lako, nikikadiria, lina pointi za uhai karibu 175 zikijumlishwa. Kwa maneno mengine, hata akicheza bila kosa, mantikora mmoja anawapa nusu ya kipigo kinachohitajika kuwamaliza, halafu anabaki na meno na makucha. Hakuwa wa kuua kundi zima. Aliua hamu ya mchezaji mmoja, na hilo ndilo tunalolitibu.

Zile futi 100 ulizochagua zilifanya kazi kubwa kuliko ulivyokusudia. Upinde mfupi wa mwizi unafika futi 80 vizuri. Zaidi ya hapo anarusha dadu mbili na kuchukua ndogo. Akiwa katika hali hiyo, kanuni zinamnyima lile shambulizi la kuvizia ambalo kwa leveli ya 5 linaongeza dadu tatu za pande sita. Mantikora angekaa futi 80, mwizi angekuwa silaha hatari kuliko zote pale. Mikuki ya kurusha ya mbabe inafika futi 30 vizuri na 120 kwa taabu. Nguvu zake zikiwa 18 anapata asilimia 70 akiwa karibu, lakini kwa futi 100 inashuka hadi 49. Tena kwa kanuni za 2014 kuchomoa silaha bila gharama ni mara moja kwa zamu, kwa hiyo baada ya zamu ya kwanza anarusha mkuki mmoja tu, na lile shambulizi lake la pili linakaa bure. Toleo jipya la 2024 limelirekebisha hilo: silaha ya kurusha unaichomoa ndani ya shambulizi lenyewe. Kama mko tayari kuazima kanuni moja kutoka huko, azimeni hiyo, haitaharibu chochote.

Na ghadhabu ya mbabe, ile hali ya hasira inayompa nguvu za ziada, nayo inaliwa kimyakimya. Mbabe asipomshambulia adui na asipoumizwa tangu zamu yake iliyopita, ghadhabu inazimika. Adui anayezunguka juu akiwapiga wenzake anamzimia mbabe moto bila kumgusa. Ukiwa msimamizi, mpige mbabe mwiba mmoja mmoja. Atakushukuru.

Hapo ndipo nilipocheka niliposoma kuwa una Battle Master. Kama amechagua ile mbinu ya kuangusha, Trip Attack, dawa ya mantikora ilikuwa mezani muda wote. Mbinu hiyo inafanya kazi kwa shambulizi lolote la silaha, si la upanga pekee, ilimradi adui ni wa ukubwa wa Large (daraja moja juu ya Medium, ambao ni ukubwa wa mtu) au chini yake. Mantikora ni Large. Na kiumbe anayeruka akiangushwa, hata akiwa hewani, anaporomoka, isipokuwa awe na uwezo wa kuelea papo hapo au anashikiliwa na uchawi. Sasa mpe mpiganaji upinde mrefu. Unafika futi 150 vizuri. Hata wepesi wake ukiwa 14 tu, anampata mantikora asilimia 60 ya mara. Adui anatakiwa kufikisha 15 kwa kipimo cha nguvu, naye anaongeza 3 tu kwenye dadu yake ya pande 20, kwa hiyo anashindwa asilimia 55. Mishale miwili kwa zamu inampa mpiganaji nafasi kidogo zaidi ya nusu, kila zamu, ya kumleta chini. Kuanguka futi 100 ni dadu kumi za pande sita, wastani 35, yaani nusu ya uhai wa mantikora, juu ya maumivu ya mshale wenyewe. Halafu yuko chini, amelala, na mbabe wako wa leveli ya 5 anakimbia futi 40.

Urefu, kwa hiyo, ni deni pia kwa anayeruka. Anayejipandisha futi 100 anaweka rehani dadu kumi. Hili wachezaji wako hawalijui, na hawatalijua kwa kusubiri kulisoma kitabuni. Wewe ndiye utakayewaonyesha: wakute mzoga wa mnyama mwenye mbawa uliopondeka kwenye miamba, mshale mmoja tu kwenye kiungo cha bawa. Mpiganaji akiuliza aliuawa na mshale au na kuanguka, umeshafundisha.

Kuhusu matamko ya uchawi sitakaa sana, kwa kuwa mchawi hamna. Earthbind ndilo la kazi hii hasa: linafika futi 300 na kumteremsha adui taratibu, futi 60 kwa raundi, bila kumvunja. Kasisi hanalo. Alicho nacho ni Command. Akimwamuru adui ajitupe chini, aliye hewani anaporomoka, ila tamko linafika futi 60 tu na msikiaji lazima aelewe lugha. Mantikora anaelewa lugha ya kawaida ya watu. Kasisi ana pia Guiding Bolt, futi 120, ambalo likimpata adui linampa anayefuata nafasi ya kurusha dadu mbili na kuchukua kubwa. Hiyo inafuta taabu ya umbali, na mkuki wa mbabe unarudi kwenye asilimia 70. Waambie wakae karibu wakati wa kupanga zamu.

Tuje kwenye jambo ambalo naliona kubwa kuliko hizo hesabu zote. Mantikora wako alikuwa anataka nini?

Ukimfanya kiumbe kuwa mtambo wa kutoa madhara, atakaa futi 100 milele, maana hiyo ndiyo hesabu sahihi. Lakini mantikora kwenye kitabu cha viumbe ni mla watu mwenye akili 7, anaongea, anadhihaki, na yuko tayari kumwacha mtu hai akipewa mlo mwingine unaolingana au kuzidi. Mwenye njaa hana miiko. Huyu alishukia msafara kwa sababu alinusa nyumbu. Sasa weka nyumbu sita mahali pa wazi. Mantikora anarusha miiba raundi moja au mbili kuwatawanya walinzi, kisha anatua kumnyakua mmoja. Nyumbu ni wa ukubwa wa Medium, hatua moja chini ya mantikora, na anayemburuta aliyemkaba mwendo wake unakatika nusu: futi 50 zinakuwa 25. Mbabe anakimbia 40. Umeona? Hujagusa namba yoyote, na mbabe sasa anamkimbiza mtu anayeruka kwa shida na mzigo wa kilo mia kadhaa.

Akimfikia, asipige kwanza. Amkabe. Kanuni zinaruhusu kumkaba anayekuzidi hatua moja ya ukubwa, kwa hiyo mtu wa Medium anamkaba Large. Mbabe mwenye ghadhabu anarusha dadu mbili na kuchukua kubwa kwenye vipimo vya nguvu, na ujuzi wa riadha akiwa nao unamfikisha +7. Mantikora ana +3 kwa dadu moja. Aliyekabwa mwendo wake ni sifuri, wa miguu na wa mbawa, kwa hiyo haruki. Mbabe hana haja ya mabuti kama ana mikono. Hata kabla ya kufika huko anaweza kujiweka tayari kwa zamu yake: "akija karibu yangu, namshika." Ukimwekea adui sababu ya kuja, hiyo si zamu tupu tena, ni mtego. Ila wakumbushe kuwa kitendo cha kuwekwa tayari kinatoa shambulizi moja tu, hata kwa mwenye mawili.

Njaa ni sababu moja. Nyingine ni yai, mtoto aliyenaswa, dhahabu, kiburi, chuki kwa mtu fulani, amri ya bwana. Kila kiumbe wa kuruka ninayempeleka mezani ninamwandikia sentensi moja: anashuka kwa ajili ya nini. Nikishindwa kuiandika, simpeleki. Na upande wa pili wa sentensi hiyo ni lini anaondoka. Mnyama aliyepoteza nusu ya damu kwa ajili ya mlo haendelei kupigana. Anaruka kwenda zake akilalama. Kundi likimfukuza, limeshinda, na uwape alama za ushindi zote. Usiwafundishe kuwa ushindi ni maiti tu.

Viumbe wenyewe hawalingani. Kinachogawanya makundi yao ni kama wana silaha ya mbali au la. Waiveni, ndugu wa joka mwenye miguu miwili, ana kiwango cha 6, uhai 110, anaruka futi 80, na mkia wenye sumu ya dadu saba za pande sita, lakini hana chochote cha kurusha. Lazima aje. Akiuma na kupaa, kila aliye karibu anapata shambulizi la bure wakati anaondoka, na shambulizi la bure la shoka kubwa halisahauliki. Kwa kundi lako waiveni mmoja ni mpambano wa wastani kwa hesabu za 2014, na ningempendelea kuliko mantikora wawili. Hapi (nusu mwanamke nusu ndege), garigoili (kama sanamu ya jiwe yenye mbawa) na grifini (nusu tai nusu simba) nao ni wa kuja karibu, ingawa hapi anao wimbo wake unaowavuta wanaousikia hadi futi 300, na huyo usimweke kando ya genge kama hujajiandaa kuua mtu. Wa kuogopwa ni wale ambao kitabu kinasema hawatoi shambulizi la bure wanapopita, kama peritoni, ndege mwenye kichwa cha kulungu. Huyo anakuja, anagonga, anaondoka, na hata walio pembeni yake hawamgusi. Dhidi yake kundi lisilo na mishale lina kitendo cha kujiweka tayari tu, kwa hiyo mtumie kwa kiasi, mmoja katikati ya wengine wanaotembea.

Mahali. Dari ni rafiki yako mkubwa. Pango lenye dari ya futi 30, msitu wenye matawi yaliyofumana, korongo jembamba, ukumbi wa hekalu: kote huko mbawa zinasaidia kuvuka na kukwepa, lakini hazimfichi mtu. Nje kabisa, kwenye uwanda mtupu, mpe kila shujaa kitu cha kujikinga. Gari la mizigo lililopinduka linaongeza kinga kwa 2, ufa mwembamba kwenye jiwe unaongeza 5, na aliyefunikwa mwili wote hapigwi kabisa. Usiku nao una mambo yake. Mantikora anaona gizani futi 60 tu. Msafara wenye mienge unaonekana kutoka mbali, na yeye anawapiga kutoka juu bila wao kumwona. Wakizima mienge, juu kule futi 100 haoni mtu. Anakuwa anarusha miiba kwa kubahatisha, au anashuka hadi futi 60, mahali ambapo upinde wa mwizi na Command ya kasisi vinafika, ingawa sasa na wao wanahitaji macho ya gizani kumwona. Wazo la kuzima taa na kusubiri kimya linaweza kutoka kwa mchezaji yeyote, hata mwenye shoka, na ndiyo maana nalipenda.

Sasa joka. Hapa nakuwa mkali kidogo: kwa leveli ya 5, joka mwekundu mchanga hapaswi kupigana na watu wanne hata mkimkata mbawa. Ana kiwango cha 10, uhai 178, kinga 18, na pumzi ya moto ya dadu 16, wastani 56, ambayo anayefaulu kukwepa anaumia nusu tu. Kasisi wako hana hizo 56. Kwa hesabu za 2014 kizingiti cha mpambano wa kuua kwa kundi lako ni alama za ushindi 4,400, na joka huyu ni 5,900. Ngoja wafike leveli ya 7 au 8. Kwa sasa apite juu yao akiwa amebeba ng'ombe, au atue juu ya paa la mji akadai kodi. Akiongea na kuondoka anatisha kuliko akipigana.

Siku ikifika, elewa anavyoweza kuwachezea. Pumzi yake inafika futi 30 mbele yake. Anaruka 80. Anaanza futi 70 kutoka kwao, anakuja 40, anapuliza, anarudi 40. Hakuna aliyemgusa. Inaonekana haina dawa, ila pumzi inarudi kwa kurusha dadu ya pande sita na kupata 5 au 6, yaani kwa wastani kila zamu ya tatu. Akikataa kushuka kuuma, yeye mwenyewe ana zamu tupu mbili kati ya kila tatu! Katika hizo mashujaa wanatawanyika ili wasiungue pamoja, wanaingia kwenye majengo, wanampa mpiganaji nafasi ya mishale. Kumbuka joka mchanga bado ni Large, anaangushika: kwa kipimo cha 15 anashindwa asilimia 40. Akikua na kuwa Huge, daraja la juu ya Large, ile mbinu haimwezi tena, na anakuwa na uwezo wa kukataa kushindwa mara tatu kwa siku. Joka mchanga ndiye joka wa mwisho ambaye mpiganaji wako anaweza kumtoa angani kwa mshale, kwa hiyo mpe nafasi hiyo.

Ana akili 14, kwa hiyo njaa peke yake haitamshusha. Kiburi na dhahabu vitamshusha. Mpambano wenyewe uweke pangoni, dari futi 40, hazina sakafuni, na mashujaa wawe kati yake na hazina. Joka mwekundu anayemwona mtu anajaza mfuko kwa dhahabu yake hapigi hesabu za umbali.

Na kama mpambano utakuwa mjini, juu ya ukuta, tumia balista, ule upinde mkubwa wa kusimikwa. Kwenye mwongozo wa 2014 unafika futi 120 vizuri na 480 kwa taabu, unapiga kwa +6, unauma dadu tatu za pande kumi. Uzuri wake ni kwamba unahitaji kitendo kimoja kupakia, kimoja kulenga, kimoja kufyatua. Mtu mmoja peke yake anapiga mara moja kwa zamu tatu. Watatu wakishirikiana, kila raundi. Hiyo ni kazi kwa kila asiye na upinde. Mimi naongeza kanuni ya nyumbani: mshale wa balista uwe na kamba, ukimpata adui, wenye nguvu wanaivuta, kipimo cha nguvu dhidi ya nguvu, wakishinda anashuka futi 20. Mbabe anaipenda mno.

Kanuni nyingine ya nyumbani nimeirithi kutoka toleo la 3.5 la 2003. Huko viumbe wa kuruka walikuwa na madaraja ya wepesi hewani, na wazito walilazimika kwenda mbele angalau nusu ya mwendo wao kila zamu, wasingeweza kusimama angani. Mantikora alikuwa daraja la chini kabisa. Toleo la tano limeyafuta yote hayo. Ukirudisha sehemu hiyo moja tu kwa viumbe wakubwa, hakuna tena wa kuning'inia juu ya kichwa cha mtu kama taa ya barabarani. Watatakiwa kuzunguka, na wanapozunguka kuna zamu wanakuwa karibu na zamu wanakuwa mbali. Waambie wachezaji mapema, wapange.

Kupima umbali kusikuumize kichwa. Weka dadu kando ya kiumbe, namba yake ikiwa ni makumi ya futi aliyopanda. Umbali kati yake na shujaa ni namba kubwa kati ya umbali wa chini na urefu. Aliye mbali futi 50 na juu futi 40 yuko futi 50. Mwanahesabu wa meza atalalamika. Mwambie alete chai.

Kuhusu mabuti. Yapo kitabuni, yanaitwa Winged Boots, na yanahesabiwa kuwa si adimu sana, jambo ambalo sikubaliani nalo. Yanatoa saa nne za kuruka, na yakipumzika saa 12 yanarudisha mbili. Ukimpa mbabe, umetatua mantikora, lakini umefuta pia mito, kuta, mashimo na magenge yote ya hadithi yako mpaka mwisho. Na mwizi atauliza yake yako wapi. Ufagio wa kuruka ni mbaya zaidi kwa sababu hauna ukomo wa saa. Kama unataka aonje anga, mpe kitu kinachoisha: kichupa kimoja cha dawa ya kuruka waliyoikuta kwa marehemu fulani. Kinadumu saa moja. Usimwambie akinywe lini.

Kwa kikao kijacho, kama ningekuwa mahali pako: waiveni mmoja, korongo jembamba, daraja la kamba, kundi la mbuzi. Na mwambie mbabe wako ile mikuki minne aliyoanza nayo haitoshi, anunue minne mingine. Kila mmoja ni vipande vitano vya fedha.